Mustang ya 1965–66 au Corvette ya 1968–82: uchukue ipi, na uichezee vipi

Ukienda kuangalia Mustang ya zamani, beba sumaku. Ile ndogo ya mlango wa friji inatosha. Ifunge kwa kitambaa usije ukakwaruza rangi ya watu. Ipitishe chini ya milango, nyuma ya matairi, kwenye kona za chini za fenda. Ikishika, hapo pana bati. Ikidondoka, pana puti, na chini ya puti pana shimo ambalo mwenye gari hakutaka ulione.

Ukienda kuangalia Corvette, sumaku iache nyumbani. Haitashika popote, toka boneti mpaka taa za nyuma, kwa kuwa bodi yote ni faibaglasi. Ndivyo zilivyo tangu zile 300 za kwanza za mwaka 1953, zilizotoka kiwanda cha Flint zikiwa nyeupe zote. Rafiki yangu mmoja, tumwite Papa Neema, Mkongomani wa Bukavu anayeishi Bowling Green hapa Kentucky, alinunua ya 1976 kwa hoja hiyo hiyo. "Kaka, hii motokari ni plastiki, haiwezi kuota kutu." Miezi minne baadaye tulikuwa tumelala chini yake sote wawili, na bisibisi yangu ilikuwa imezama kwenye chesisi mpaka mpini.

Mimi nina Mustang ya 1966, hardtop (ya paa la bati lisilokunjwa) ya silinda sita, na nimeshachafuka mikono kwenye magari yote mawili. Kila mwaka kuna Mswahili anayenipigia simu: amepata kazi nzuri, watoto wamekua, sasa anataka gari la Kimarekani la zamani. Nichukue lipi, kaka? Haya ndiyo ninayomwambia.

Bei ya kiwandani na wingi wake

Mustang ilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 kwenye maonyesho ya dunia ya New York, kwa bei ya kuanzia dola 2,368. Chini ya sura ile nzuri ilikuwa Ford Falcon, gari la kawaida la familia, na ndiyo siri ya bei hiyo. Mwaka 1968 Corvette ya Chevrolet, ile ya turubai, ilianzia dola 4,320, karibu mara mbili. Kuna watu watakaokukatalia katakata kwamba Mustang ni gari la michezo, eti lina viti vinne na ekseli ya nyuma kama ya pikapu. Wana haki yao. Lakini ukiwauliza wamefikaje kwenye mkutano wa magari, wengi wamekuja na Toyota.

Jambo la maana ni wingi. Mustang za mwaka 1966 peke yake zilikuwa 607,568. Corvette ya kizazi hiki cha tatu ilivunja rekodi yake mwaka 1979, na rekodi yenyewe ilikuwa 53,807. Gari lililotengenezwa kwa wingi namna ile huvuta watengenezaji wa spea miaka sitini baadaye. Kwa Mustang unanunua sakafu mpya, milango mipya, fenda, buti, hata bodi nzima ya bati jipya. Katalogi zake ni nene kama kitabu cha simu cha zamani.

Kutu iko wapi

Hapa ndipo penye uamuzi wote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mustang haina chesisi inayojitegemea. Sakafu, kuta za boneti na nguzo ndizo zinazobeba gari. Sakafu ikioza, hujapoteza zulia tu, umepoteza mgongo wa gari. Na sakafu yake huoza kuanzia juu. Chini ya kioo cha mbele, pale wipa zinapolala, kuna matundu ya kuingizia hewa ndani ya gari. Hewa hupita, na maji ya mvua hupita nayo. Ford waliunganisha bati mbili za sehemu hiyo kwa nukta nukta za kulehemu, na ndani yake mkono haufiki. Majani huanguka humo, yanalowa, yanakaa msimu baada ya msimu. Siku moja unawasha gari baada ya mvua, na soksi ya mguu wa kulia inalowa.

Kipimo chake ni birika la maji. Mwenzako alale chali sakafuni, kichwa chini ya dashibodi, tochi mkononi. Wewe mwaga maji polepole kwenye matundu, upande wa dereva kisha upande wa abiria. Maji yanayotoka nyuma ya tairi la mbele ni sawa, ndiko njia yake. Yakimdondokea mwenzako usoni, shusha bei. Kuitengeneza ni kuvua kioo, kuvua fenda, kutoboa zile nukta moja moja, kutoa bati bovu, kuchomelea jipya. Kazi ndefu, ya kuchosha, lakini haina siri yoyote. Fundi yeyote wa bodi anayejua kuchomelea bati jembamba ataifanya, na bati lenyewe linauzwa tayari limekunjwa.

Corvette ina chesisi halisi ya chuma, na juu yake, kuzunguka mahali pa kukaa, kuna kizimba cha chuma. Faibaglasi imegundishwa kwenye kizimba hicho kama nguo ilivyovalishwa sanamu ya dukani. Nguo haiozi. Mwili ulio ndani unaoza, na hutaona doa hata moja nje. Sehemu mbili zinaua. Ya kwanza ni kona za kioo cha mbele, ambako maji hukaa chini ya urembo wa kioo. Ya pili ni chesisi yenyewe mbele kidogo ya magurudumu ya nyuma, pale inapopinda kupanda juu. Uchafu na chumvi ya barabara za majira ya baridi hujaa humo.

Chesisi iliyooza ina dawa. Papa Neema alitafuta nyingine iliyo nzima, tukakata bolti zilizoshikana, tukatoa milango na boneti, kisha akaita wanaume wa kwaya ya kanisani kwake. Wanane waliishika bodi pembeni, mmoja akahesabu, wakainyanyua kwa wimbo kama wanavyopandisha mtumbwi, nasi tukasukuma chesisi ya zamani ikatoka chini. Faibaglasi ina raha zake. Kizimba kilichooza ni habari nyingine kabisa: kioo kitoke, dashibodi itoke, faibaglasi ibanduliwe bila kupasuka, na fundi anayeijua kazi hiyo umtafute jimbo hadi jimbo. Ukiinua urembo wa kioo ukakuta chuma kinabomoka kama biskuti, mshukuru mwenye gari kwa muda wake, uondoke.

Kwa hiyo Mustang mbovu kiasi inanunulika. Corvette mbovu kiasi ni ya kuogopa. Nunua Corvette iliyo nzima chini hata kama rangi imechakaa na viti vimechanika, maana hayo ya juu ni mepesi.

Raha na karaha za kila siku

Mtu anayetoka kwenye Toyota yake ya 2015 akaendesha Mustang ya kawaida ya 1966, jambo la kwanza litakalomshtua ni breki. Nyingi zilitoka kiwandani na breki za dramu magurudumu yote manne, na masta silinda yenye njia moja tu ya mafuta. Bomba moja likipasuka, zote zimekwenda. Masta silinda ya njia mbili ilianza 1967. Mimi nilibadilisha hiyo kabla ya kitu kingine chochote, na nilifunga diski mbele kabla hata ya kufikiria rangi.

Corvette ilikuwa na diski nne tangu 1965. Magurudumu ya nyuma kila moja linapanda na kushuka peke yake, na kati yake imelazwa springi moja bapa kwa upana wa gari. Kwenye kona unaiona tofauti mara moja; Mustang inaruka kidogo kwenye mashimo, Corvette inashika. Lakini breki zake zina ugonjwa wake: kalipa za zamani hushika kutu ndani gari likikaa muda mrefu, kisha zinavuja. Dawa ni kalipa zilizowekewa bitana ya chuma cha pua ndani. Muulize mwenye gari kama zimewekwa. Akikutazama tu bila kujibu, hesabu hazijawekwa.

Kukaa ndani nako. Corvette ina viti viwili, na mpaka toleo moja maalumu la 1982 haikuwa na mlango wa nyuma wa mizigo. Mfuko wa unga unaupitisha nyuma ya kiti, unausukuma, na ukiuhitaji unaingia nao kichwa chini. Sakafu inapata joto la injini kiasi cha kukutoa jasho Julai. Zile za paa linalotoka vipande viwili ni tamu siku ya jua. Siku ya mvua zinadondosha tone moja moja gotini, daima goti lile lile. Mustang ina viti vinne, vya nyuma vya watoto, na buti la kawaida. Mke wangu hupanda Mustang. Mke wa Papa Neema alipanda Corvette mara moja.

Taa za mbele za Corvette hulala na kuamka kwa nguvu ya hewa inayonyonywa na injini, ikipita kwenye mipira myembamba kila mahali chini ya boneti. Mpira mmoja ukipasuka, taa moja inaamka, nyingine inabaki imelala, gari linakukonyeza. Ya Papa Neema, taa ya kulia huchelewa sekunde tatu mpaka leo. Na kwa kuwa faibaglasi haipitishi umeme, kila taa inahitaji waya wake wa ethi kwenda kwenye chuma. Taa ya nyuma ikififia, usikimbilie balbu. Fuata waya wa ethi, sugua kichwa chake kwa msasa, na mara nyingi kazi imekwisha kwa dakika tano.

Usukani wa mafuta unavuja kwenye magari yote mawili. Sina la kuongeza.

Kulichezea, yaani kulibadilisha: hapa ndipo watu wanapoharibu

Kabla hujagusa spana, soma namba. Kwenye Mustang herufi ya tano ya namba ya chesisi inasema injini iliyotoka nayo kiwandani: T ni silinda sita, C na A ni V8 (silinda nane) ya inchi za ujazo 289, na K ni ile 289 ya nguvu za farasi 271. Mwenye K asiguse kitu. Atafute tu iliyokuwepo na airudishe. Mwenye T, kama mimi, ana uhuru wote, maana hakuna mkusanyaji atakayelia.

Tatizo la silinda sita ni kwamba Ford hawakubadilisha injini peke yake. Gari la sita lina nati nne kwenye kila gurudumu, la V8 lina tano. Ukitaka kuweka V8 inavyotakiwa, unabadilisha ekseli ya nyuma, springi za mbele, breki, viungo vya usukani na rejeta. Wengi huanza na injini, wakamaliza hela hapo, na gari linabaki na moyo wa tembo kwenye miguu ya mbuzi. Ushauri wangu wa kweli, ambao vijana hawaupendi: kama lengo ni V8, nunua lililozaliwa V8 tangu mwanzo. Itakuwa rahisi zaidi hata kama bei ni ya juu. Yangu nimeibakiza sita, na kwa mwendo wa Jumapili inanitosha.

Kwa 289, mabadiliko matatu yanalipa kuliko yote. Giaboksi ya T-5 ya gia tano, ile ya Mustang za miaka ya themanini, inashusha kelele kwenye barabara kuu na vishikio vyake vinauzwa tayari. Ukitaka injini mpya zaidi, ile ya lita 5.0 ya Mustang za 1987 hadi 1993 inaingia bila vita kubwa, ila sampu ya oili ubadilishe iwe ya kina mbele. Na kuna lile la mikono ya juu ya sasipensheni ya mbele: unatoboa matundu mapya takriban sentimita mbili na nusu chini ya yale ya kiwandani, ndivyo walivyofanya kwa Shelby, zile Mustang zilizoandaliwa kwa mbio. Ni kazi ya siku moja yenye drili nzuri na kiolezo, na gari linaacha kulalia upande kwenye kona. Sijui pesa ndogo iliyowahi kunipa raha kubwa kiasi hicho.

Injini za kisasa za Ford zenye jina Coyote ni pana. Hazipiti kati ya minara ya shokapu, kwa hiyo minara inakatwa, na springi za mbele zinakaa ndani ya minara hiyo. Maana yake unanunua na mfumo mzima wa mbele. Yaani hapo hujachezea gari, umejenga jingine.

Corvette igawe katika makundi mawili. Za 1968 hadi 1972 zina bampa za kromu mbele na nyuma, na zikiwa na injini yake ya asili zina thamani ambayo grainda itaiua kwa mchana mmoja. Mpaka 1971 namba ya chesisi haisemi injini ipi. Inabidi uinamie injini yenyewe, upande wa abiria mbele ya kichwa cha silinda, usome mihuri kwenye ubao mdogo wa chuma. Kuanzia 1972 herufi ya injini iko ndani ya namba ya chesisi. Mihuri hiyo hughushiwa. Ukiona ubao umesuguliwa upya na herufi zinang'aa, omba mtu anayezijua aje aangalie kabla hujatoa hata dola ya amana.

Za kuanzia 1973, mbele ya plastiki laini, na zaidi zile za 1975 kuendelea, ndizo za kuchezea. Mwaka 1975 sheria za moshi zilikuwa zimeiminya injini ya kawaida ya 350 mpaka ikabaki na nguvu za farasi 165, Corvette kwa jina na umbo. Hakuna atakayekulaumu ukiifufua. Ile 350 ilifungwa kwenye magari ya Chevrolet ya kila aina, kwa hiyo kabureta, kamshafti na vichwa vya silinda vinapatikana kila mji. Wenye pesa zaidi hufunga injini za kisasa za Chevrolet za familia ya LS, iliyoanza na Corvette ya 1997 ikiwa na farasi 345 na bloku ya alumini. Kabla ya kununua giaboksi mpya, chungulia chini: gari la otomatiki lina mhimili wa giaboksi uliofungwa kwa bolti, la gia za mkono mhimili wake umechomelewa. La bolti ndilo rahisi. Hapo anayeshinda ni yule aliyenunua otomatiki kwa bei ya chini kwa kuwa hakuna aliyeitaka.

Ukiishi California angalia mwaka. Gari la petroli la 1975 kurudi nyuma halipimwi moshi. La 1976 kuendelea linapimwa, na injini uliyoibadilisha itakuwa na maswali. Mustang za 1965 na 1966 zote ziko salama.

Na rangi. Bati ukilikosea unasugua unaanza upya. Faibaglasi haisamehe. Gereji moja, jina naliacha, ilipaka Corvette ya Papa Neema dawa ile ile ya kuvulia rangi wanayotumia kwenye bati, wakaiacha ikakaa wakaenda kula. Waliporudi dawa ilikuwa imeingia kwenye faibaglasi yenyewe, na wiki mbili baada ya kupaka rangi mpya vipovu vilitokeza boneti nzima kama ugali unaochemka. Ukimpelekea mtu Corvette, muulize kwanza amepaka faibaglasi ngapi, na umwombe akuonyeshe moja iliyomaliza kiangazi kimoja juani.

La kuleta nyumbani

Je, naweza kulipeleka nyumbani? Swali hili huja kila mara. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, na inataka usukani wa kulia. Yote mawili yanayagonga magari haya. Liwekee hesabu za kubaki huku.

Sasa, ipi?

Kama hujawahi kushika spana na unataka kujifunza, Mustang hardtop ya 1965 au 1966 yenye sakafu nzima, hata ya silinda sita. Kosa lolote utakalofanya kuna spea yake, na kuna mzee mahali fulani aliyeshalifanya kabla yako. Kama una watoto wadogo, jibu ni hilo hilo.

Kama unajua kazi, huna wa kumbeba zaidi ya mmoja, na unataka gari linaloendeka kweli, Corvette ya 1974 hadi 1977, otomatiki, chesisi na kizimba vizima, rangi mbaya. Hiyo ndiyo ninayoitafuta mimi sasa, kwa siri, na tafadhali msimwambie mke wangu.

Kwa vyovyote badilisha mipira yote ya petroli, ile ya zamani haiipendi petroli ya leo yenye ethanoli, na nunua oili yenye zinki ya kutosha kwa ajili ya kamshafti za zamani. Chukua bima ya thamani mliyokubaliana, ile inayoandika kiasi kwenye karatasi kabla ya ajali.

Na ukikutana na Mustang fastback, ile ya paa lililolala mpaka nyuma, kwa bei ya hardtop, rudi kwenye namba ya chesisi kabla moyo haujakimbia. Tarakimu ya tatu na ya nne: 07 ni hardtop, 08 ni ya turubai, 09 ni fastback. Paa linaweza kukatwa na kuchomelewa jingine. Nimeshaona moja, rangi nyekundu safi, mgongo umelala vizuri, muuzaji anatabasamu, na kwenye namba imeandikwa 07.